Macho ya Mwende Hayakuwa ya Kipigo

Uingereza,
Jumapili, mwezi wa Novemba.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Uko salama? Hayo magoti yamepoa kidogo? Baba bado anabishana na daktari juu ya ugoro wake? Na mvua je, imeshuka huko Wamunyu, au ni mawingu tu ya kutudanganya kama mwaka jana? Mimi huku ni mzima kabisa, isipokuwa baridi imenipasua mikono mpaka najipaka mafuta mara nne kwa siku. Sasa hivi niko jikoni, nimevaa soksi mbili mbili, chai iko mbele yangu, na nina furaha mpaka najicheka mwenyewe. Ngoja nikuambie.

Lakini kwanza, masharti. Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunzia kusoma kwenye darasa la ngumbaru, na herufi nimezifanya kubwa vile unavyopenda. Barua hii ni ya kusoma wewe mwenyewe. Kioko asikusomee, hata ajifanye anataka sana kukusaidia. Namjua ndugu yangu, atasoma mstari mmoja akuambie mitatu. Vaa miwani, kaa mahali penye mwanga, na usiruke ukurasa. Kuna jambo la furaha hapa mbele, na kuna lingine baadaye ambalo nimelibeba tangu nikiwa na miaka tisa.

La furaha ni hili: makala yangu yametoka! Yale ya utafiti, yale uliyochoka kuyaombea. Ndani ya bahasha kubwa utakuta jarida, na nimekunja kona ya ukurasa wenyewe. Ni Kiingereza kitupu, usijisumbue nacho, lakini angalia pale juu. Jina la kwanza ni langu, nimelipigia mstari. Jina la profesa wangu liko mwisho kabisa. Huku jina la kwanza ni la aliyepika, na la mwisho ni la mwenye jiko. Kwa hivyo Mumbua wako amepika, na madaktari wa nchi ambazo hata kwenye ramani sizijui wanakula.

Haikuwa rahisi, usidhani. Jarida la kwanza lilinirudishia kurasa zangu na maneno mawili ya adabu. La pili likasema hakuna jipya. Siku hiyo nilikaa kwenye ngazi za maabara nikala pakiti nzima ya biskuti, na mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado. Halafu nikapanda juu nikaandika upya.

Najua huko nyumbani mnasema Mumbua anatibu watu Ulaya. Mwaitu, sitibu mtu. Kazi yangu ni kuinama kwenye hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, na kupima mikojo ya watoto. Mwambie Kioko acheke, amalize. Dada yake alipanda ndege kuja kuchungulia mikojo! Lakini mkojo huo unasema mambo. Kuna kansa moja ya watoto wadogo, ya chembechembe ambazo zilipaswa kukua ziwe mishipa ya fahamu. Zinakataa kukua. Zinabaki changa, na zinazaana bila kusimama, mara nyingi hapo juu ya figo. Tumbo linakuwa gumu. Kisha zinatambaa mpaka kwenye mifupa, na mtoto anaanza kulia miguu, anakataa kutembea, anataka kubebwa. Zikifika kwenye mifupa iliyo nyuma ya macho, damu inajikusanya hapo, na ngozi inayozunguka macho inakuwa nyeusi pande zote mbili. Mtu yeyote akimwona mtoto huyo anauliza swali moja tu: nani amempiga?

Pumzika kidogo hapo, Mwaitu. Kunywa maji. Najua umeshajua ninamzungumzia nani.

Mwende wetu alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa mnene wa mashavu, mkaidi, anapenda kuimba wimbo mmoja siku nzima mpaka Kioko anaziba masikio. Halafu ukaanza ule mwezi wa kubebwa. Ukienda kisimani, bebwa. Ukienda shambani, bebwa. Wewe ulidhani ni deko, na mimi nilidhani ni deko, kwa sababu mgongo niliokuwa nikibebea maji sasa ulikuwa wa Mwende. Baba alikuwa Mombasa kuuza vinyago. Siku ile ya maziwa ulimpa kikombe akupelekee pale mlangoni, hatua tano tu, akaanguka, maziwa yakamwagika yote, na hayo ndiyo yalikuwa maziwa ya siku nzima. Ukamchapa kofi moja. Moja, Mwaitu. Nilikuwepo, nikiwa nimeshika ufagio.

Baada ya siku mbili macho yake yakawa meusi.

Sitakuficha kitu, kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kutoficha. Mwende aliangusha yale maziwa kwa sababu mifupa ya miguu ilikuwa inamuuma. Ugonjwa ulikuwa ndani yake wiki nyingi kabla ya kofi lako. Ulikuwa ndani yake alipokuwa anaimba. Kofi halikuuleta, halikuuamsha, halikuuongeza hata kidogo. Kama ungempa busu siku ile badala ya kofi, macho yangekuwa meusi vilevile, siku ileile. Haya siyo maneno ya mtoto wa kumfariji mama yake. Nimeyasomea, nimeyapima, na yamechapishwa.

Wakati ule nani angetuambia? Mzee Abdi peke yake alikaribia. Unakumbuka alivyowapakia wewe na Mwende kwenye pikapu yake ya kubebea ng'ombe mpaka hospitali, akakataa hata shukrani? Alimtazama Mwende pale mapajani pako, akasema, "Mama Mumbua, mimi nimenunua mifugo maisha yangu yote. Mnyama aliyepigwa anakuogopa ukimsogelea. Huyu mtoto haogopi mtu. Huyu ni mgonjwa." Watu wazima waliokuwa hapo wakaguna tu, eti Msomali wa ng'ombe anajua nini. Alijua kuliko sisi wote! Hospitalini walisema tumechelewa, na kweli tulikuwa tumechelewa. Ukarudi naye, na baada ya siku chache tukamzika.

Halafu yakaja yale mengine. Shangazi Nduku akaitisha wazee wa ukoo, wakakukalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja, wakakuuliza ulimpiga na nini. Chama cha akina mama kanisani wakakunyang'anya kitambaa cha kichwani, kile cha uanachama. Mwaka mmoja baadaye walitaka kukurudishia, nawe ukakataa. Niliwasikia wamesimama pale mlangoni wakikubembeleza, na wewe ukawaambia, "Kiacheni tu. Mimi niko na damu ya huyo mtoto mkononi mwangu." Tangu siku hiyo unakaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, kama mgeni. Baba amekuambia hukukosa, padri amekuambia umesamehewa, na wewe hutaki kusamehewa. Ndiyo maana nimekuletea kitu kingine.

Sikiliza nilivyokipata. Mwaka wangu wa kwanza hapa, profesa alituonyesha picha ukutani, kubwa kama mlango. Mtoto wa Kizungu, nywele za manjano, na macho ya Mwende. Macho yaleyale! Profesa akasema, "Msikimbilie polisi. Huyu hakupigwa." Mimi nikatoka nje. Nikajifungia chooni nikalia mpaka mtu akabisha mlango. Nililia kwa hasira zaidi, kwa sababu kumbe jambo hili linajulikana, limeandikwa vitabuni, na mama yangu anakaa karibu na mlango wa kanisa.

Kisha nikaanza kufikiri. Kama huku vitabu vimejaa na bado profesa anawakumbusha madaktari, basi wako wanaosahau. Watoto waliosahauliwa wako wapi? Kila mtafiti wa kansa hii anachimba kwenye faili za kansa. Mimi nikamwendea profesa, yule mzee mrefu anayekula mkate akiwa amesimama, nikamwambia nataka kusoma faili za watoto waliopigwa.

Akaacha kutafuna. "Hizo si zetu," akasema. "Hizo ni za ustawi wa jamii."

"Ndiyo maana nazitaka," nikamwambia.

Akanizungusha wiki nyingi. Mara kibali, mara sheria, mara nitapoteza mwaka wangu. Unanijua nikishikilia kitu. Nilimfuata mpaka kwenye maegesho ya magari. Mwishowe akaweka sahihi, nadhani ili apate kula kwa amani.

Faili zilikuwa chini kabisa ya jengo, rafu nzima. Nilizisoma moja moja miezi mingi, na sitakudanganya, Mwaitu, wengi kwenye rafu ile walipigwa kweli, na kuna siku nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Lakini hapa na pale nilikuta mtoto mwenye macho meusi, na pembeni mwa ukurasa mwandiko mdogo wa muuguzi: mtoto analia miguu. Ukurasa mwingine, muuguzi mwingine: tumbo gumu, anatoka jasho bila sababu. Hakuna aliyeziweka kurasa hizo pamoja. Mimi niliziweka kwa sababu dalili hizo nilikuwa nazijua kwa mpangilio wake. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja nazo. Profesa alipoona niliyoyapata alikaa chini. Alikaa, Mwaitu! Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona amekaa.

Hicho ndicho makala yanachosema, ukitoa maneno marefu. Yanasema: mtoto mdogo akija na macho meusi, kabla hujamshika mama yake, gusa tumbo, uliza miguu, chukua mkojo. Mwishoni kuna mahali pa kushukuru watu. Nimemshukuru mama yangu, na nimemshukuru mfanyabiashara wa ng'ombe wa Wamunyu aliyetambua ugonjwa kwa macho matupu. Profesa alicheka, akasema hajawahi kuona hilo kwenye jarida, kisha akaliacha lilivyo. Mwambie Mzee Abdi. Mwambie yuko kwenye jarida la madaktari, na ng'ombe wake wasiringe.

Sasa ngoja nikupe ile ambayo imenifanya niruke jikoni kama mtoto. Wiki iliyopita simu ililia maabara. Daktari wa mji mwingine, mwanamke, sauti ya kijana. Akaniuliza kama mimi ndiye nimeandika makala yale. Nikasema ndiyo, nikangoja kutukanwa. Akasema kwamba wameletewa msichana wa miaka miwili, macho meusi, na mama yake alikuwa ameshakalishwa chumba cha pembeni na maafisa, anahojiwa. Daktari huyu alikuwa amesoma makala siku chache tu nyuma. Akagusa tumbo. Akachukua mkojo. Ni yenyewe, Mwaitu. Na wameiwahi mapema kuliko sisi, mtoto ameanza dawa, wana matumaini naye. Nikamuuliza, na mama? Akasema, "Mama wamemrudisha kwa mtoto. Anakaa kando ya kitanda, amemshika mguu, haachi."

Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikapiga vigelegele. Vile vya kwetu, vya harusi. Watu wakatoka vyumbani wakidhani maabara inaungua.

Kuna mwanamke mmoja huku, simjui jina, ambaye hatakaa karibu na mlango wa kanisa. Hiyo ni kazi yako na Mwende. Mimi niliandika tu.

Sasa lile la pili. Umefika mpaka hapa, usisimame.

Niliyasoma makala yale mbele ya mkutano wa madaktari, ukumbi umejaa. Nilipomaliza, mzee mmoja akasimama akauliza swali zuri: "Ni nini kilikufanya utafute kwenye rafu ile, ambapo hakuna mwingine aliyetafuta?" Nilikuwa na jibu la kisayansi tayari, nimelifanyia mazoezi. Kinywa kikakataa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kwa sababu mimi ndiye niliyemshitaki mama yangu."

Nikawaeleza. Watu wasiokujua wamelijua kabla yako, na hilo ni kosa, ndiyo sababu nimekaa kuandika kabla halijakufikia kwa mdomo wa mwingine.

Ni mimi, Mwaitu. Siyo jirani yetu Mama Mutuku.

Ulipokuwa hospitalini na Mwende, Shangazi Nduku alikuja nyumbani. Nilikuwa nyuma ya jiko nikichambua maharagwe. Alichuchumaa karibu nami, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mumbua, nani alimpiga mtoto?" Nami nikajibu, kwa sababu nimelelewa kumjibu mtu mzima: "Mama." Akauliza, wapi? Nikaonyesha jicho. Nilionyesha jicho kwa sababu ndipo palikuwa peusi. Wewe ulimchapa mgongoni. Niliona kwa macho yangu, mgongoni, juu ya ile sweta ya kijani, na nikaonyesha jicho.

Pale uwanjani mbele ya wazee ulisema, "Nilimgusa mgongo tu." Shangazi akasema kuna aliyeona ulipiga uso. Ukageuka ukatazama ua wa Mama Mutuku, kwa kuwa ndiye jirani pekee anayeweza kuona mlango wetu. Mimi nilikuwa nyuma ya Kioko. Nilingoja uniulize. Hukuniuliza kamwe, na mimi sikufungua mdomo. Kisha nikakuona mwaka baada ya mwaka ukianza kujishuku mwenyewe. Siku moja nikiwa sekondari ulisema, "Labda nilimgonga uso, sikumbuki vizuri." Ungekumbuka vipi jambo ambalo halikutokea? Niliingia ndani nikajifanya nasoma. Hata siku hiyo sikusema.

Mimi niliingia udaktari kwa sababu ya jambo hili. Kila mtu huko anasema Mumbua ana akili. Nilikuwa na deni moyoni, hiyo ndiyo akili yenyewe.

Kwa hivyo chukua kumbukumbu yako, ni yako, ilikuwa sawa tangu mwanzo. Ulimchapa mgongoni, mara moja, kwa ajili ya maziwa, kama mama yeyote aliyechoka huko Ukambani. Jioni hiyo ulimpa uji wa wimbi na akalala kifuani pako. Hayo nayo niliyaona. Hukumuua mtoto wako. Nimezunguka nusu ya dunia nikapata ushahidi, na nimeuchapisha mahali ambapo hata Shangazi hawezi kuufuta.

Kwako sina ushahidi wa kujitetea. Nilikuwa mtoto siku ile moja, lakini miaka iliyofuata nilikuwa najua. Nisamehe, Mwaitu. Ukitaka kunigombeza kwanza, nigombeze. Nitakuja Desemba, tiketi ninayo, na Jumapili ya kwanza tutaingia kanisani pamoja na kukaa benchi la mbele. Mimi ndiye nitakayesimama kusema, siyo wewe.

Nisalimie Baba, mwambie huku naona vinyago madukani na hakuna kinachofikia mkono wake. Nisalimie Kioko na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba. Mwalimu wako wa ngumbaru mpe mkono wa pekee, bila yeye barua hii ingepitia kinywa cha mtu mwingine. Mzee Abdi umeshaambiwa cha kumwambia. Hata Shangazi Nduku nisalimie, aliuliza akajibiwa, na aliyejibu ni mimi.

Lakini kabla ya hao wote kuna mtu mmoja. Miaka yote hii mnapishana kisimani na hamsemezani. Alikuja matanga ya Nyanya ukamgeuzia mgongo. Mwanawe alipooa hukwenda. Na yeye, Mwaitu, hakuona lolote, hakusema lolote, wala hajawahi kujua kosa lake ni lipi. Ukimaliza kusoma mstari huu, vua miwani, pita kwenye ule mwanya wa ua, umwite kwa jina. Mama Mutuku msalimie wa kwanza.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Mumbua.